Mstari mmoja mchangani: Wachokwe, Euler na watoto wa Magomeni

Najua nimepotea. Majaribio yalifululizana wiki mbili, na mtu ukitoka chuo jioni ukafika Magomeni umechoka, hata nguvu ya kufungua laptopu huna. Leo nimekuja na historia. Tena historia ya hesabu, lakini wale wenzangu wa "mimi na hesabu tuliachana kidato cha pili" msikimbie, fomula hakuna hata moja humu ndani. Vyote ni vya shule ya msingi.

Chanzo ni washkaji wawili wanaosoma uhandisi. Kwa mradi wao wa mwaka wa mwisho wanaunda meza inayochora mchangani. Kama hujawahi kuiona ni hivi: juu kuna sinia pana lenye mchanga laini, na juu ya mchanga kuna gololi moja ya chuma. Chini ya sinia, mahali ambapo huoni, kuna mkono wenye sumaku unaoendeshwa na mota mbili. Sumaku ikienda gololi inafuata, na nyuma yake unabaki mfereji mwembamba. Ukiiangalia unaweza kudhani gololi ina akili zake. Meza iliyozipa umaarufu hizi mambo inaitwa Sisyphus, ya Bruce Shapiro, Mmarekani aliyekuwa daktari akageuka msanii. Mwaka 2016 alichangisha fedha mtandaoni ili atengeneze za kuweka sebuleni. Bei usiulize, bumu la semista halitoshi, ndio maana washkaji wanaunda ya kwao.

Mota walishazimudu. Kilichowashinda ni michoro. Kalamu ukitaka kuruka unainyanyua, lakini gololi hainyanyuki. Ikitoka hapa kwenda pale inaacha alama njia nzima. Kwa hiyo kila unachotaka kuchora, liwe ua la kanga, awe ndege, liwe jina la mchumba, lazima kiwe mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine yenyewe inasoma orodha ya namba mbili mbili, ya kwanza pembe, ya pili umbali kutoka katikati (0 ni katikati kabisa, 1 ni ukingoni). Pembe haianzi upya, inajumlishwa tu: mzunguko mmoja 6.28, mizunguko miwili 12.57, na kuendelea. Na ukiipa ncha mbili tu za mstari ulionyooka inakuchorea mkunjo, kwa sababu pembe na umbali vinabadilika pamoja, hivyo inabidi mstari uukatekate vipande vingi vidogo. Hiyo kompyuta itafanya. Kitu ambacho kompyuta haikuambii ni mchoro upi unakubali kuwa mstari mmoja na upi unagoma. Hapo ndipo waliponikumbuka, "si unasoma ualimu wa hesabu wewe?"

Sasa hilo swali sisi wote tulishalikuta utotoni. Mnaikumbuka bahasha? Unachora mstatili, unaweka mikingamo miwili ndani, halafu unamwambia mwenzio achore bila kuinua kalamu na bila kupita mstari mmoja mara mbili. Anahangaika hadi kengele inalia. Ukimwongezea kile kifuniko cha juu, yaani paa la pembetatu, ghafla inawezekana, mradi aanzie pembe ya chini. Ukianzia juu umeumia.

Sababu yake iliandikwa na Leonhard Euler mwaka 1736. Watu wa mji wa Königsberg (leo ni Kaliningrad, Urusi) walikuwa na madaraja saba na swali: mtu anaweza kutembea akavuka kila daraja mara moja tu? Euler akasema hesabu njia zinazokutana kila mahali. Ukiingia mahali lazima utoke, kwa hiyo njia zinakwenda mbili mbili. Mahali penye njia za namba witiri panaweza kuwa pa kuanzia au pa kumalizia tu. Yakiwa mawili, anzia kimoja umalizie kingine. Yakizidi mawili, acha. Königsberg kulikuwa na manne. Bahasha bila kifuniko ina pembe nne, kila moja ina njia tatu, kwa hiyo imekufa. Kifuniko kinazigeuza pembe mbili za juu kuwa shufwa, zinabaki za chini mbili. Basi, ndio siri yote ya bahasha.

Madesa mengi niliyosomea historia yanaanzia hapo, 1736, kana kwamba kabla ya hapo hakuna mwanadamu aliyewahi kujiuliza kuhusu mstari mmoja. Na washkaji nao walishaandika kwenye rasimu ya ripoti yao kichwa cha habari "Michoro ya Euler". Nikawaambia futeni. Si kwa sababu ya uzalendo tu (ingawa na wenyewe upo, siwafichi). Ni kwa sababu ni kosa la hesabu, na nitawaonyesha hapa chini kwa nini.

Kwanza twende Kongo. Kati ya 1907 na 1909 Emil Torday, mtafiti kutoka Hungaria, alikuwa Kasai akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya London. Kwa Wabushongo, watu wa ufalme wa Kuba, aliwakuta watoto wanachora mchangani. Wakampa mitihani ya mstari mmoja. Akashindwa, wakafurahi kweli kweli kumwona mzungu ameshindwa. Michoro ile ilikuja kuchambuliwa na wanahesabu baadaye, Claudia Zaslavsky akaiweka katika kitabu chake cha 1973 kuhusu hesabu za Afrika. Usidhani ni vibahasha. Ni mitandao mikubwa ya miraba, na mmoja wake una njia panda mbili tu za witiri, maana yake usipojua pa kuanzia hutoki. Watoto walijua pa kuanzia.

Kusini magharibi ya hapo ndio kwa wenyewe. Wachokwe wako kaskazini mashariki ya Angola, kusini ya Kongo na kaskazini magharibi ya Zambia. Msione ni mbali. Ni majirani wa Katanga, huko ambako Kiswahili kinasemwa, na ambako katika karne ya 19 Mnyamwezi wa kwetu, Msiri, alijijengea ufalme wake Bunkeya akafanya biashara na pwani zote mbili. Wachokwe wana michoro ya mchangani inayoitwa sona (mmoja ni lusona), na mabingwa wake wanaitwa akwa kuta sona, wale wanaojua kuchora. Vijana walifundishwa jandoni, jando lao linaitwa mukanda, lakini ile migumu ilibaki kwa mabingwa.

Inafanyika hivi. Mzee anasafisha ardhi, anasawazisha mchanga kwa kiganja. Kwa ncha za vidole anaweka nukta kwa safu, zenye nafasi sawa. Halafu kwa kidole cha shahada anaanza kupita katikati ya nukta, anazizunguka bila kuzigusa, huku anasimulia hadithi. Hainui kidole, harudii njia. Wanaomtazama wanajua kinachotakiwa: akisita katikati wanatabasamu lile tabasamu la "huyu bado". Akimaliza, anafuta.

Kuna lusona la mwanzo wa dunia ambalo hadithi yake naipenda. Jua lilikwenda kumwona Kalunga, yaani Mungu. Likapewa jogoo, likaambiwa lirudi asubuhi kabla ya kuondoka. Asubuhi jogoo akawika, jua likaenda. Kalunga akasema nimemsikia jogoo niliyekupa, mchukue, lakini uwe unarudi kila asubuhi. Ndio maana jua linarudi. Mwezi nao vile vile, jogoo akawika, nao ukaambiwa uwe unarudi, kwa mzunguko wake wa siku ishirini na nane. Akaja binadamu. Akapewa jogoo, usiku njaa ikamuuma, akamchinja akala nusu. Asubuhi kimya! Kalunga akauliza jogoo wangu yuko wapi, binadamu akakiri. Basi wewe utakufa, na ukifa hurudi. Katika mchoro Kalunga yuko juu, binadamu chini, jua na mwezi pembeni, na mstari ni mmoja unawapitia wote. Lusona lingine linafuata njia ya kuku anayekimbizwa. Aliyewahi kutumwa kukamata kuku wa sikukuu uswahilini ataielewa hiyo njia bila kuambiwa.

Sasa hesabu. Chukua mchoro wa aina rahisi kabisa, ule unaofanana na mkeka. Weka nukta safu 2, kila safu nukta 3. Anza pembeni, nenda mshazari, pita katikati ya nukta mbili, endelea mbele bila kukata kona. Ukifika ukingoni unageuka, kama jani la ukindu linavyokunjwa kwenye ukingo wa ukili na kurudi ndani kwa mshazari. Utarudi ulipoanzia ukiwa umejikata mara 7, na kila nukta iko peke yake katika chumba chake. Kila makutano yanaangukia katikati ya nukta mbili jirani, kwa hiyo huna haja ya kukariri mchoro, nukta ndizo zinazokuongoza.

Jaribu 3 kwa 3. Mstari unarudi ulipoanzia wakati nukta nyingine hazijazungukwa vizuri. Unaanza wa pili. Halafu wa tatu. Jaribu 4 kwa 6, mistari miwili. Jaribu 5 kwa 6, mmoja tu, na umejikata mara 49! Mnaona kinachoendelea? Idadi ya mistari ni Kigawo Kikubwa cha Shirika cha zile namba mbili. KKS jamani! Ile ile ya ubaoni shule ya msingi, ambayo kila mtu aliuliza "itanisaidia nini maishani". (Halafu mtoto akifika kidato cha kwanza anakutana nayo tena kwa Kiingereza kama mgeni, lakini hilo nitaliandikia siku yake.)

Na hapa ndipo "Michoro ya Euler" inapokuwa kosa. Katika mkeka huu kila makutano yana njia nne. Nne ni shufwa. Kwa kanuni ya Euler basi, mchoro wa 3 kwa 3 unawezekana kwa mstari mmoja, ukikubali kukata kona kwenye makutano. Mchokwe hakati kona. Ukifika njia panda unakwenda mbele moja kwa moja. Swali lake ni gumu kuliko la Königsberg, na jibu la Euler halimfikii, lazima uingie kwenye KKS. Kwa mashine ya washkaji swali sahihi ni la Mchokwe, kwa sababu tulijaribu: gololi ikikata kona kali juu ya mfereji uliokwisha chorwa inaubomoa, lakini ikipita moja kwa moja makutano yanabaki safi.

Je, Wachokwe walijua KKS? Hapa nataka kwenda polepole maana kuna watu wetu wanaruka juu sana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mzee wa Kichokwe alisema "kigawo kikubwa". Tulichonacho ni michoro. Mário Fontinha alichapisha mkusanyo mkubwa mwaka 1983, Gerhard Kubik wa Austria akaandika yake 1987. Ndani yake sehemu kubwa ni ya mstari mmoja, na mingine ni mikubwa kiasi kwamba kuibahatisha haiwezekani. Pia kuna michoro iliyoundwa kwa kuunganisha miwili midogo ya mstari mmoja ili kupata mkubwa wa mstari mmoja, kwa hiyo kulikuwa na mbinu zilizofundishwa. Maoni yangu: walijua namba zipi zinakubali na zipi zinagoma, na walijua kuirekebisha inayogoma. Kama mtu atasema hiyo si hesabu kwa sababu hakuna uthibitisho ulioandikwa, namkumbusha kwamba Euler naye 1736 alithibitisha upande mmoja tu, ule wa kukataa. Kwamba witiri zikiwa hazipo au zikiwa mbili basi hakika inawezekana, uthibitisho wake ulichapishwa 1873, wa Carl Hierholzer, ambaye alikuwa amekwisha kufa. Miaka 137 tumempa Euler heshima yake bila kumdai, na mzee wa Lunda tunamdai risiti.

Aliyenifumbua macho katika haya ni Paulus Gerdes. Alizaliwa Uholanzi 1952, akaja Msumbiji baada ya uhuru, akafundisha Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane (ndio, Mondlane yule aliyeuawa kwa bomu hapa hapa Dar tarehe 3 Februari 1969). Baadaye akawa mkuu wa chuo kikuu cha ualimu huko huko, akafariki 2014. Kazi yake ilikuwa kuandaa walimu kama sisi, na swali lililomsumbua ni kwa nini mtoto wa Kiafrika aingie darasani akiamini hesabu ni kitu cha wageni. Akachukua vikapu, mikeka, na zaidi ya yote sona, akaijenga upya hesabu iliyomo. Ile kanuni ya KKS ya nukta na mistari imo katika vitabu vyake vya miaka ya 1990.

Alisema "kujenga upya" kwa sababu mengi yalikuwa yamepotea. Ardhi ya Wachokwe ilipitiwa na biashara ya utumwa, kisha ukoloni wa Mreno, kisha vita ya ukombozi kuanzia 1961, kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe toka uhuru wa 1975 hadi 2002. Na huu ni ujuzi ambao mwenyewe anaufuta kwa kiganja akimaliza. Ukimpoteza mzee kabla kijana hajaiva umepoteza kila kitu, haupo ukuta wala karatasi ya kwenda kusoma. Mwaka 2023 UNESCO iliiingiza sona ya Angola katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Nzuri, ingawa nilijiuliza wazee wangapi walikuwa wamebaki wa kupewa habari hiyo.

Kwetu pwani mchanga nao haukukosa hesabu. Neno ramli asili yake ni Kiarabu, mchanga. Mpiga ramli anadonoa nukta mchangani haraka haraka bila kuhesabu, halafu anaziondoa mbili mbili aone imebaki moja au mbili. Witiri au shufwa. Akifanya mara nne anapata umbo, na maumbo yote yako 16, yaani mbili mara mbili mara mbili mara mbili. Bibi yangu akisoma hapa atasema astaghfirullah, mjukuu wangu kaenda chuo kusomea uganga. Bibi, utabiri siutaki, nimezitaja nukta tu.

Nirudi kwenye meza. Ukitaka mchoro wa 4 kwa 6 na umekuja na mistari miwili, hutupi. Tafuta makutano ambayo mstari wa kwanza unakatana na wa pili. Weka hapo kijikuta kidogo, ili badala ya kupishana, kila mmoja ugonge na kurudi. Mistari miwili inakuwa mmoja. Ikiwa mitatu unahitaji kuta mbili, minne kuta tatu, mradi kila ukuta uweke pale inapokutana mistari ambayo bado ni tofauti. Kona ya ukutani unailainisha iwe duara, na haipiti juu ya mfereji mwingine, hivyo gololi haibomoi kitu. Na kuta hizo hizo ndizo zinazoleta sura: ukizipanga kwa ulinganifu mkeka unageuka kobe, ua, hata korosho ya kwenye kanga. Nimewapa washkaji michoro sita. Mitatu ni sona zenyewe na jina la Wachokwe limeandikwa, mitatu niliitunga mimi kwa njia hiyo ya kuta.

Yote niliijaribia nje kwanza. Jirani ameshusha tripu ya mchanga wa kujengea, na watoto wa mtaa wameugeuza uwanja wao. Nikachekecha kidogo, nikasawazisha, nikaweka nukta 2 kwa 3. Wa kwanza kuweza ni wa darasa la tatu. Dada mwingine mkubwa kidogo akaniuliza, "Anti, na 4 kwa 4?" Nikamwambia jaribu. Akachora mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, akakaa kimya, halafu akasema bila kuangalia mchanga, "Basi 5 kwa 5 itakuwa mitano." Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu KKS.

Mazoezi ya kufundisha yanaanza muhula ujao, na nimeshaandika andalio langu la kwanza. Kipindi dakika 40, nukta kwanza, ubao baadaye. Euler ataingia kipindi cha pili na bahasha yake. Kama shule nitakayopangiwa haina mchanga, basi chaki kwenye sakafu. Na ninyi mnaosubiri kupangiwa pamoja nami, anzeni na hii: safu 6, kila safu nukta 9. Mistari mingapi, na kuta ngapi za kuifanya mmoja?